Kabla ya kununua Land Rover Series III, lala chini yake

Sehemu kubwa ya bodi ya Series III (1971–1985) ni ya aloi ya alumini, kwa hiyo rangi inayong'aa isikuhadae. Chasi ni chuma, na huoza kuanzia ndani. Chukua nyundo ndogo ugonge kidogo kidogo, hasa boriti ya nyuma na mikono inayobeba bodi. Chuma kizima hulia kwa ukali. Kilichooza hutoa sauti nzito, kama debe lenye matope. Kisha chokoa kwa bisibisi; ikizama, usikubali kiraka juu ya kutu: kata mpaka chuma safi, chomelea bati la milimita 2, kisha pulizia nta ndani.

Inua zulia uone pale dereva anapoweka miguu; hapo ni chuma, na maji hukaa.

Nyuma ya kila gurudumu la mbele kuna tufe la kromu. Likiwa na vishimo, litakula kila oili sili (mpira unaozuia oili kuvuja) mpya. Badilisha tufe kwanza.

Barabarani, achia mafuta ghafla ukiwa gia ya pili. Gia ikichomoka yenyewe, toa gharama ya kurekebisha giaboksi kwenye bei ya gari.

Ukiuza, toa picha za chasi kabla haijapakwa rangi, na namba yake ilingane na kadi.