Jinsi ya Kurithi na Kuandaa Mlo wa Krismasi wa Familia

Katika familia nyingi mlo wa Krismasi humtegemea mtu mmoja, na mara nyingi mtu huyo hajawahi kuandika chochote. Ni bibi, mama au shangazi ambaye hujua kiasi cha chumvi kwa jicho, hutambua kwa harufu wakati wa kuongeza maji, na kwa kugusa tu husema kama unga umekandika. Mwaka anaougua, au anaposafiri, ndipo wengine hugundua kwamba chakula walichokila tangu utotoni hakuna hata mmoja wao anayejua kukipika. Ndiyo maana nashauri maandalizi yasianzie sokoni, bali jikoni kwa mwenye mapishi, tena mwezi wa Oktoba au Novemba, wakati yeye ana nafasi na nyumba haijajaa watu.

Kuyachukua mapishi kutoka mikononi

Usimwombe akutajie mapishi kwa simu. Mtu aliyepika chakula kilekile kwa miaka 40 hukumbuka viungo lakini husahau vitendo, kwa sababu vitendo vimeshakuwa sehemu ya mwili wake. Atakuambia ukaange vitunguu, asikuambie kwamba yeye huvikaanga kwa moto mdogo karibu nusu saa nzima mpaka viwe na rangi ya kahawia iliyokolea, maana kwake huko ndiko kukaanga, na hana habari kwamba wewe ungeishia dakika ya tano. Mwombe apike, nawe usimame pembeni ukiwa na mizani ya jikoni, daftari na saa.

Ukifika hapo, usimlazimishe apime. Ukimpa kijiko cha kupimia mkono wake utababaika, na kipimo kitakachopatikana hakitakuwa chake. Njia iliyo bora ni kupima vyombo: pima kopo la chumvi, chupa ya mafuta na bakuli la unga kabla hajaanza, mwache achote na kunyunyiza kama alivyozoea, kisha upime tena akimaliza. Tofauti ya mara ya kwanza na ya pili ndiyo kiasi alichotumia. Kwa njia hiyo "chumvi kidogo" hugeuka kuwa gramu 14, na "mafuta ya kutosha" hugeuka kuwa mililita 90.

Nimelijifunza hili kwa hasara. Kwa misimu miwili nilioka keki ya bibi yangu kwa kufuata maneno yake mwenyewe, vikombe vitatu vya unga, na mara zote mbili ilitoka laini kupita kiasi na kuzama katikati. Kosa halikuwa la kumbukumbu yake. Kikombe alichokuwa akikisema kilikuwa kile cha bati kilichobonyea ubavuni, ambacho nilipokipima kilibeba gramu 165 za unga, ilhali kikombe cha kawaida cha kupimia cha mililita 250 hubeba takriban gramu 130. Katika vikombe vitatu hilo ni pungufu la zaidi ya gramu 100, na keki haiwezi kusimama kwa upungufu wa namna hiyo. Kwa hiyo andika gramu, na uvitazame vyombo vyenyewe kwa makini kama unavyowatazama wanaovitumia.

Muulize pia sababu. Huenda majarini katika mapishi yale iliingia kwa sababu siagi halisi ilikuwa adimu mwaka fulani, na yeye mwenyewe angefurahi ukiirudisha. Au huenda kubadilisha kitu hicho kimoja kungeharibu ladha yote. Hutajua usipouliza. Baada ya hapo pika wewe, kwa kiasi kidogo, yeye akiwa ameketi anakutazama. Masahihisho atakayokutolea siku hiyo ndiyo yenye thamani kuliko yote uliyoyaandika mwanzoni, hivyo yaandike pembezoni kwa maneno yake.

Kuchagua vyakula vichache

Kabla ya kupanga orodha, mwulize kila mtu wa nyumbani swali moja: ni chakula gani kikikosekana utaona kwamba si Krismasi? Majibu hushangaza. Nyama kubwa ya katikati ya meza, ambayo hutumia pesa nyingi na kumnyima mpishi usingizi, hutajwa na wachache kuliko unavyodhani. Wengi hutaja kitu kidogo cha pembeni, pengine mchuzi fulani au ukoko uliobaki chini ya sufuria. Vyakula viwili au vitatu vitakavyotajwa mara nyingi ndivyo msingi wa mlo, na vingine vyote unaweza kuvipunguza, kuvinunua vikiwa tayari au kuwagawia wageni wavilete.

Ukichunguza desturi zilizodumu katika nchi mbalimbali utaona kwamba hazikudumu kwa sababu ya utamu peke yake, bali kwa sababu zinampa kila mtu, hata mtoto, jambo la kufanya au la kusubiri. Nchini Poland familia husubiri nyota ya kwanza ionekane jioni ya Desemba 24 ndipo ikae mezani kwa mlo ambao kwa desturi una vyakula 12 visivyo na nyama, na kiti kimoja huachwa wazi kwa ajili ya mgeni asiyetarajiwa. Nchini Denmark lozi moja nzima hufichwa ndani ya kitindamlo cha wali wa maziwa na krimu, na anayeipata hupewa zawadi. Wapo wanaoificha shavuni mpaka bakuli liishe ili wenzao waendelee kula wakiitafuta. Uingereza wana Jumapili ya mwisho kabla ya Majilio, yaani majuma ya kuingojea Krismasi, ambapo kila mmoja nyumbani hukoroga mchanganyiko wa pudini ya Krismasi kwa zamu huku akiwaza ombi lake moyoni. Waorthodoksi wa Ethiopia, ambao kwao Krismasi huangukia Januari 7, hufunga vyakula vya wanyama kwa siku 43, na kwa hiyo mchuzi wa kuku unaopakuliwa juu ya injera, mkate wao mpana na mwembamba, siku hiyo una uzito ambao hauwezi kununuliwa dukani.

Kwa hiyo kama unataka chakula kiwe cha familia yenu kwa miaka ijayo, kigawe kwa watu. Mtoto wa miaka mitano anaweza kumenya mayai ya kuchemsha, kijana anaweza kukabidhiwa kachumbari tangu kununua hadi kupakua, na shemeji anayependa kusimama jikoni na kuzungumza anaweza kupewa kisu. Ndoa inapounganisha familia mbili, nimeona amani zaidi pale mlo wa mkesha unapofuata desturi ya upande mmoja na mlo wa mchana wa Krismasi ukafuata ya upande wa pili, kuliko pale vyakula vyote vinapolundikwa juu ya meza moja na mpishi mmoja.

Ulizeni mapema ni nani asiyekula nini. Karanga, maziwa, mayai na ngano huwadhuru wengine vibaya, wapo wasiotumia pombe hata ndani ya keki, na asali haifai kabisa kwa mtoto aliye chini ya mwaka mmoja.

Vipimo vya watu wengi

Kwa mlo wenye vyakula kadhaa, gramu 75 hadi 100 za mchele mkavu kwa mtu mzima hutosha, na kuku au bata mzinga mwenye mifupa huhesabiwa takriban nusu kilo ya nyama mbichi kwa kila mtu, kiasi ambacho kwa kawaida huacha na kiporo.

Kosa kubwa hutokea pale mapishi ya watu wanne yanapozidishwa mara tano kwa kalamu tu. Maji ya wali ndiyo mfano mzuri. Sehemu ya maji hunywewa na mchele, na hiyo huongezeka sawasawa na mchele; sehemu nyingine hupotea kwa mvuke, na hiyo hutegemea upana wa sufuria, moto na muda, wala haiongezeki mara tano. Ukizidisha maji yote mara tano utapata uji. Pima maji pungufu kidogo, uweke ya moto kando, na uongeze mwishoni kama punje bado ni ngumu. Chumvi na viungo vikali navyo anza na robo tatu ya hesabu, uonje, kisha uongeze, maana kutia ni rahisi na kutoa hakuwezekani. Keki usiizidishe katika chombo kimoja kirefu: itaungua pembeni kabla ya katikati kuiva. Oka mbili.

Kupanga muda kuanzia saa ya kula

Amua kwanza saa ya kula, kisha urudi nyuma. Tuseme mlo ni saa 8 mchana na mna bata mzinga wa kilo 5 asiyejazwa kitu tumboni. Katika oveni ya nyuzi 160 hadi 165 za Selsiasi atahitaji karibu saa tatu, na baada ya kutoka anahitaji kupumzika nusu saa kabla ya kukatwa ili maji yake yatulie ndani ya nyama badala ya kumwagika kwenye ubao. Kwa hiyo lazima aingie motoni saa 4:30 asubuhi. Nusu saa ile ya kupumzika ni zawadi kwa mpishi, kwa kuwa oveni inabaki wazi kwa vitu vyote vinavyohitaji kupashwa.

Ukiendelea kurudi nyuma utakutana na barafu. Nyama iliyoganda huyeyuka ndani ya friji kwa takriban saa 24 kwa kila kilo 2 hadi 2.5, na bata yule wa kilo 5 atataka siku mbili hadi mbili na nusu. Asipotolewa kwenye friza tarehe 22, mkesha wenu utaishia kwenye beseni la maji baridi yanayobadilishwa kila nusu saa, njia ambayo ni salama lakini inachosha. Kumwacha juu ya meza usiku kucha si njia. Nje anaoza wakati ndani bado ni jiwe.

Keki ya matunda makavu iliyolowekwa kwa pombe inaweza kuokwa wiki nne hadi sita kabla, ikafungwa kwa karatasi ya kuokea na foili, na hupata ladha zaidi kadiri inavyokaa. Isiyo na pombe ioke katika wiki ya mwisho. Supu ya mifupa na michuzi mingi huvumilia friza, vitunguu vinaweza kukaangwa tarehe 23, na mboga zikamenywa jioni ya tarehe 24. Asubuhi ya Krismasi yabaki mambo yasiyoweza kutangulia tu: nyama ya kuoka, wali na saladi. Mpishi anayekosa ibada kwa ajili ya kumenya viazi amepangiwa vibaya.

Usalama, na kiporo

Ninajua shauri hili litawaudhi mama zetu wengi, lakini kuku mbichi asioshwe kwenye sinki. Maji huruka na vijidudu hadi kwenye saladi na vikombe vilivyo karibu, na kinachoviua ni moto. Hakikisha kwa kipimajoto cha nyama kilichochomekwa sehemu nene ya paja bila kugusa mfupa: kikisoma nyuzi 74, nyama imeiva salama. Ubao wa nyama mbichi usikatiwe matunda.

Hatari kubwa zaidi huja mchana, wakati watu wamekwisha kula, wamelegea na masufuria yako wazi mezani kwa wanaochelewa. Chakula kilichopikwa kisikae kwenye joto la kawaida zaidi ya saa mbili. Baada ya hapo kiwe moto juu ya nyuzi 60 au kiwe ndani ya friji chini ya nyuzi 5. Wali unahitaji uangalifu wa pekee, kwa kuwa mbegu za kijidudu kimoja kilichomo kwenye mchele hustahimili kuchemshwa, na wali ukiachwa vuguvugu huzaana na kutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Utandaze kwenye sinia pana upoe haraka, kisha uuhifadhi. Sufuria nzima yenye kifuniko ikiingizwa friji ikiwa ya moto, katikati yake hukaa vuguvugu kwa saa nyingi.

Nyama iliyobaki itolewe mifupani siku hiyohiyo, iwekwe kwenye vyombo vifupi na kuliwa ndani ya siku tatu au nne, ikipashwa mara moja tu mpaka itoke mvuke kote. Mifupa chemsha na kitunguu na karoti. Supu yake ndiyo chakula ninachokingoja kuliko mlo wenyewe.

Tarehe 26, kabla vyombo vya mwisho havijakauka, fungua lile daftari uandike idadi ya walioketi, kilichobaki, kilichoisha mapema, na saa halisi mliyokula. Mwaka jana langu liliandikwa: watu 17, wali ulibaki nusu sufuria, mchuzi uliisha saa 8:40, na mjomba ameomba kachumbari isitiwe pilipili.