Kabla hujachomeka mkoko, subiri bamvua

Mpwa wangu alinipigia simu juzi ana furaha: yeye na wenzake wamepata magunia matatu ya mbegu za mikoko, na wamepanga kwenda Jumamosi kuzipanda hapa Sudi, pwani ya kusini mwa Tanzania, kwenye lile tope jeupe lililo wazi mbele ya kijiji.

"Mjomba," nikamwambia, "hilo tope liko wazi tangu babu yako hajaoa. Umejiuliza kwa nini?"

Akanyamaza. Ndiyo maana naandika, maana kosa hilo mimi nilishalifanya. Walikuja wageni na fulana mpya, tukapanda mbegu elfu mbili asubuhi moja, tukapigwa picha, tukala pilau. Kusi ilipovuma hatukubaki na mche hata mmoja wa kuonyesha.

Mkoko unapenda maji ya chumvi lakini hautaki kuzama kutwa. Unaishi nusu ya juu ya ufuko, kati ya kupwa na kujaa, mahali ambapo maji huja na kuondoka. Kwa hiyo kazi ya kwanza si kupanda, ni kukaa na kutazama. Nenda siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, mwezi mwandamo au mpevu, kisha urudi siku za maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo. Pale ambapo hata maji mafu yakipwa bado pamefunikwa, paache.

Halafu tafuta mikoko iliyoota yenyewe karibu na hapo, maana hiyo ndiyo mwalimu wako. Chukua ule mpira mwembamba unaopitisha mwanga, ambao mafundi hujaza maji kupimia usawa wa msingi. Ncha moja iweke kwenye shina la mkoko ulio hai, nyingine kwenye tope lako. Tope likiwa chini zaidi ya miguu ya mikoko hiyo, mbegu zako zitakufa, hata mkiimba namna gani.

Angalia pia ni miti ipi inakaa wapi. Kwetu mlilana, wengine huuita mpia, ndio husimama mbele kupokea mawimbi. Nyuma yake mkoko hasa, ule wenye miguu mingi, kisha mkandaa, na mchu unapatikana hata kule juu kwenye ardhi kavu yenye chumvi. Miradi mingi hupanda mkoko peke yake kwa sababu mbegu yake ndefu ni rahisi kushika. Ukiuweka mkoko mahali pa mlilana, umempa mtoto kazi ya mtu mzima.

Sasa jambo ninalolijua kuliko yote. Nilifanya kazi miaka mingi kwenye shamba la chumvi. Tulikata mikoko, tukajenga matuta kuzuia bahari, na siku biashara ilipoharibika mwenye shamba akaondoka, matuta yakabaki. Ndani yake hakuoti kitu: jua linakausha, chumvi inazidi, maji hayapiti. Mahali kama hapo usianze na mbegu, anza na jembe. Tafuta kijito cha zamani kilikopita, utakijua kwa bonde dogo na udongo mlaini, ubomoe tuta hapo hapo mpaka maji yapite vizuri. Kisha subiri. Bahari ikipata njia huja na mbegu zake yenyewe, tena huzipanga vizuri kuliko wewe. Msimu wa pili ukiona pengo, ndipo ujazie.

Kabla ya jembe, pita ofisi ya kijiji na kwa watu wa Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Mikoko ni hifadhi ya serikali, hata ule ulioota nyuma ya choo chako si wako. Ukiwa upande wa Msimbati, ni ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Mnazi Bay na Maingilio ya Ruvuma, kwa hiyo kaone na wao.

Kupanda kwenyewe ni kazi fupi. Okota mbegu zilizoanguka. Zilizo bado juu ya mti chukua zile tu zinazotoka ukizigusa, zenye pete ya manjano chini ya kofia. Yenye tundu la mdudu itupe. Zilaze kivulini kwenye gunia bichi, si siku nyingi. Panda bamvua linapoanza kufa, ili mche upate siku kadhaa za maji matulivu kabla ya kuchapwa. Ncha kali chini, theluthi moja ndani ya tope, hatua moja kutoka mche hadi mche. Funga mbuzi.

Tena bahari yenyewe inapanda, na tunaambiwa ni barafu inayeyuka. Mpwa wangu aliniuliza barafu ya Ulaya inamhusu nini mtu wa Sudi. Barafu inayoelea haiongezi bahari, kama ile iliyomo tayari kwenye glasi ya juisi. Inayoongeza ni ya nchi kavu, ya Greenland na Antaktika na milimani, inapoyeyuka na kumwagika baharini. Tena maji yenyewe yakipata joto hutanuka. Kati ya 1901 na 2018 bahari ya dunia ilipanda kama sentimita 20, na siku hizi inakwenda karibu milimita 4 kwa mwaka. Kwenye ufuko tambarare kama wetu, sentimita moja ya kwenda juu inaweza kuwa mita nzima ya kuingia ndani.

Mikoko hunasa tope na kujiinua, lakini pia inahitaji kurudi nyuma, na nyuma huko ndiko tunakojenga. Sheria ya mazingira ya 2004 inakataza ujenzi wa kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukoni. Kiwanja nilichompa mpwa wangu kiko mita 40, nilipima mwenyewe kwa kamba. Tumekubaliana atapanda minazi pale, nyumba itakwenda juu kwenye mikorosho.

Jumamosi hawakupanda. Walikwenda na vijiti kumi vya kupimia maji, vilivyopakwa rangi nyekundu kila sentimita 10, wakavisimika kutoka kijitoni hadi kwenye tuta la zamani. Bamvua ni Alhamisi.