Kupaua nyumba bila kurudi kwenu na POP: mimi huwa nafanya hivi, hatua kwa hatua

Mafundi wenzangu habari za kazi. Mimi ni fundi paa hapa Dar, kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) na bati ndio ugali wangu. Naandika hii zaidi kwa madogo wanaoanza kupanda maana kila nikikatiza saiti za watu namuona mtu yuko juu na ndala, simu iko sikioni, kamba hana.

Nianze na langu. 2016 nilidondoka kutoka kwenye kenchi, wala sio ghorofa, nyumba ya kawaida ya vyumba vitatu, nilikuwa navuta futi (tepu ya kupimia) narudi kinyumenyume huku nasoma namba, mpaka leo nakumbuka ilikuwa 4.20, nikakanyaga hewa. Pale lenta (boriti inayopita juu ya madirisha) mpaka chini ni kama mita 3 hivi. Mita 3 hata sekunde moja haiishi ushafika, na unafika na spidi ya kama kilomita 27 kwa saa, yani ni kama bodaboda imekuvaa. Ponea yangu nilidondokea lundo la moramu (udongo wa kujazia). Mkono ukafungwa POP (plasta ya hospitali) wiki sita, na boss kesho yake akaleta fundi mwingine, simlaumu, nyumba ilikuwa wazi na mvua zinakuja. Ila nililala na lile swali, ile futi mbona ningeweza kumpa saidia (kibarua wangu) ashike upande wa pili?

HATUA YA 1: zunguka nyumba kabla hujagusa ngazi

Dakika kumi tu. Angalia waya wa umeme unatokea wapi, nyumba nyingi umekuja kutoka kwenye nguzo ukafungwa hapohapo karibu na fisha bodi (ule ubao wa ukingo wa paa), na wewe unaenda kuzungusha bati la mita 3 hapo. Kama upo karibu mwambie mwenye nyumba awaite TANESCO waje wazime, usikubali ile ya "we pitisha kwa chini taratibu". Af angalia nondo. Nyumba zetu hizi baraza linaachwa na nondo za nguzo zimesimama kama mikuki, mtu akidondoka hapo hata moramu haisaidii. Zikunje au zivike vipande vya mbao juu, na vipande vifungwe vizuri visichomoke.

HATUA YA 2: ngazi

Ngazi zetu nyingi ni za mbao za mbili kwa mbili zilizopigwa misumari saiti hapohapo. Sio mbaya, ila kila asubuhi ilaze chini ukanyage kila kipandio kimoja kimoja, ukisikia kinalia msumari umeshaanza kutoka, piga upya. Kuiegemeza hesabu yake ni moja kwa nne: ukuta ukiwa na mita 3.2 miguu ya ngazi ikae sentimita 80 kutoka ukutani. Huna futi? Simama vidole vya miguu vigusane na miguu ya ngazi, nyoosha mikono mbele, viganja vikifika kwenye kipandio vizuri imekaa sawa. Juu ipite ukingo wa paa kama mita moja upate pa kushika ukiwa unashuka, halafu funga kichwa cha ngazi na kamba. Huku kwetu mchanga kwahiyo chini weka ubao mpana, la sivyo mguu mmoja unazama.

Na mikono iwe mitupu. Nyundo, misumari, grainda, vyote vinapanda kwa ndoo na kamba. Ukimuona mtu anapanda na bati begani mwambie ashuke, hata kama ni mkubwa kwako, mwambie kwa heshima lakini ashuke.

HATUA YA 3: hanesi na kamba, hapa ndo wengi tunajidanganya

Hanesi unayotaka ni ile ya mwili mzima, inapita mapajani na mabegani, ringi iko mgongoni. Pale Gerezani zipo, angalia lebo iwe imeandikwa EN 361, kiwango cha Ulaya cha hanesi za mwili mzima. Mkanda wa kiunoni peke yake achana nao, utakukamata kweli ila utakuvunja mgongo.

Sasa ile kamba fupi inayokuja na hanesi ni mita 2. Ukiifunga usawa wa miguu ukaanguka, unashuka zile mita 2, na ile pakiti ya kupunguza mshtuko ikifunguka inaweza kuongeza mpaka mita 1.75, hapo hata urefu wako sijaweka. Ukuta wako mita 3. Umeelewa? Umevaa hanesi mpya kabisa na bado chini unafika. Ile ni ya maghorofa.

Kwahiyo nyumba ya chini mimi nataka kamba inizuie nisiufikie ukingo kabisa. Nachukua kamba nzima ya milimita 12 au zaidi, naivusha juu ya kofia ya paa (kileleni) mpaka upande wa pili, naishusha naingiza dirishani, na ndani naifunga kwenye mbao nene ya nne kwa nne iliyolala kukatisha dirisha, ndefu kuliko dirisha lenyewe kila upande. Ukuta ndio unashika. Usifunge kwenye papi, zile mbao nyembamba juu ya kenchi, papi ni ya kushikilia bati sio mtu; Marekani sheria yao inataka pa kufungia pabebe kilo 2,268 kwa mtu mmoja, we jiulize papi na misumari miwili.

Inapopita kwenye ukingo wa bati weka gunia lililokunjwa, bati linakata kamba kama kisu. Halafu pima urefu ukiwa upande wako, kulabu ya hanesi iwe na loki, na ukijinyoosha ubaki na nusu mita hujafika fisha bodi. Ukihamia kipande kingine hamisha na kamba. Inachosha, najua.

HATUA YA 4: ukiwa juu

Kanyaga kwenye mstari wa misumari, chini yake kuna papi. Bati za mwanga zile za plastiki usikanyage hata kidogo, zikipigwa jua miaka miwili mitatu zinakuwa kama biskuti. Asubuhi subiri umande ukauke. Mchana upepo wa bahari ukianza, bati lishike ukingo uuelekee upepo, ukilipa upepo tumbo ushakuwa jahazi. Na aliyekesha na chupa jana leo abaki chini achanganye zege.

HATUA YA 5: mtu akining'inia au akianguka

Anayening'inia kwenye hanesi msimuache mkienda kutafuta msaada, mikanda inabana mapaja damu hairudi na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Ngazi ya pili iwe tayari imesimama siku zote. Aliyefika chini msimnyanyue kwa kwapa kumuingiza kwenye bajaji kama tulivyozoea. Mmoja ashike kichwa kisicheze, mwingine apige 114 zimamoto na uokoaji, na kama hamna namna mtamsogeza basi mlango au ubao mpana, watu wanne, kwa pamoja.

Kuhusu hela: sheria ya usalama na afya mahali pa kazi ya 2003 inasema vifaa vya kujikinga ni juu ya mwajiri, na kama umemchukua dogo kwa hela ya siku basi mwajiri ni wewe. Mimi kwenye makadirio naandika kabisa mstari wa "kamba na ngazi", maboss wachache tu wameukata.

Jioni kamba ikunje uweke ndani, jua linaiua. Na ikishamkamata mtu hata mara moja, kamba na hanesi vyote basi tena. Hanesi ikate mikanda asije akaiokota mtu, kamba kata vipande ukafungie mbuzi.