Somo: Ada ya chuo ya mwanao miaka 12 ijayo, ikokotoe kwa karatasi mbili

Mwanachama wa kikoba chetu aliniletea bahasha. Ndani mlikuwa na risiti ya ada ya mdogo wake ya miaka 10 iliyopita, wino umefifia lakini unasomeka: shilingi 840,000. Pamoja nayo, fomu ya kujiunga ya mwaka huu, chuo kilekile, kozi ileile: 1,500,000. Kila mzazi analalamika kuwa ada inapanda. Inapanda kwa kasi gani? Karatasi hizo mbili zinajibu.

Hatua ya 1: Tafuta kasi
Gawanya ada ya sasa kwa ya zamani: 1,500,000 ÷ 840,000 = 1.786. Laza simu ili kikokotoo kionyeshe vitufe vya ziada, bonyeza kitufe cha kipeo (xʸ au ^), kisha 0.1 (yaani 1 ÷ miaka 10). Utapata 1.06. Kwa wastani, ada inapanda asilimia 6 kwa mwaka.

Hapa ndipo wengi wanapotea: wanachukua mfumuko wa bei wa taifa. Mwaka 2024 wastani wake Tanzania ulikuwa asilimia 3.1, lakini ule unapima unga, nauli, mavazi na mengine mengi. Chuo cha mwanao kina mwendo wake. Ukikadiria kwa 3 badala ya 6, baada ya miaka 12 utapungukiwa karibu 880,000 katika mwaka wa kwanza peke yake.

Hatua ya 2: Ipeleke mbele
Mtoto ana miaka 7, ataingia chuo akiwa na 19. Gawanya 72 kwa kasi: 72 ÷ 6 = 12. Hiyo ndiyo miaka ya ada kuongezeka maradufu. Kwa hiyo 1,500,000 itakuwa kama 3,000,000; kikokotoo (1.06 kwa kipeo cha 12) kinasema 3,018,000.

Hatua ya 3: Hesabu miaka yote minne
Ada haimsubiri mtoto amalize. Zidisha kwa 1.06 kila mwaka: 3,018,000, kisha 3,199,000, 3,391,000, 3,595,000. Jumla ni milioni 13.2, wakati leo kozi nzima ni milioni 6.

Hatua ya 4: Chumba na chakula, daftari lake
Usivichanganye na ada. Ada huweza kukaa miaka kadhaa bila kuguswa, kisha ikaruka kwa mkupuo. Kodi ya chumba na sahani ya wali maharage hazina mapumziko hayo. Rudia hatua ya 1 kwa kodi ya chumba karibu na chuo.

MASWALI YA WANACHAMA

Shikamoo mwalimu. Milioni 13 mimi mama lishe nitazitoa wapi?
Marahaba mama. Usiitazame hiyo milioni 13. Ukiweka fedha mahali panapozaa asilimia 6 hiyohiyo, faida inakimbizana na ada, nawe unabaki na deni la bei ya leo: milioni 6 kwa miaka 12, yaani 500,000 kwa mwaka, karibu 42,000 kwa mwezi. Sharti ni moja, kila Januari uongeze mchango kwa asilimia 6. Mwaka wa pili ni kama 44,200.

Si tuziache humuhumu kwenye kikoba?
Hapana, dada. Kikoba tunakivunja kila Desemba, na Desemba ina sikukuu, Januari ina sare za shule. Fedha ya miaka 12 iwekwe kwenye vipande (sehemu yako) vya mfuko wa uwekezaji au hatifungani za Serikali za muda mrefu, yaani unaikopesha Serikali nayo inakulipa riba.

Kaka, mkopo wa HESLB, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, upo. Kwa nini nijitese?
Aombe, ni haki yake. Ila si kila mwombaji hupata, wala si kila anayepata hupewa asilimia zote. Na akiajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi mpaka deni liishe. Kila laki utakayomlipia sasa ni laki ambayo hatakatwa akiwa na mtoto wake mwenyewe wa kumsomesha.

Mimi sina risiti ya zamani.
Uliza ndugu au jirani aliyesoma pale. Wazazi wetu huwa hawazitupi risiti. Angalia chini ya godoro au kwenye sanduku la vyeti.