Namna ya kufuata sheria ya Marekani inayogusa machimbo ya Kivu

Ile tunayoiita huku Bukavu na Goma "sheria ya Obama", Obama aliisaini tu, tarehe 21 Julai 2010. Kifungu chenyewe, cha 1502, kilitoka Congress, bunge la Marekani: kampuni zieleze kama koltani, kasiteriti, wolframiti na dhahabu zinazotumia zinatoka Kongo au nchi jirani. Zieleze vipi? Hilo liliachiwa SEC, tume ya masoko ya hisa, ikapewa siku 270. Ilipitisha kanuni tarehe 22 Agosti 2012, kwa kura 3 dhidi ya 2. Katikati ya tarehe hizo ndimo ilimokuwa nafasi ya kusema, na ndiyo nafasi ambayo koperative ya wachimbaji inapaswa kuiwinda safari nyingine.

Anzia congress.gov, tovuti ya bunge hilo. Namba ya mswada yenye H.R. ni ya Baraza la Wawakilishi (wajumbe 435), yenye S. ni ya Seneti (wajumbe 100). Miswada mingi hufia kwenye kamati, usiikimbilie yote. Amka pale mabaraza yote mawili yanapopitisha maandishi yaleyale. Rais ana siku 10, Jumapili hazihesabiwi. Akikataa, theluthi mbili za kila baraza zinaweza kumshinda.

Sheria ikishasainiwa, tafuta ndani yake sentensi zinazoiagiza wizara au tume kutunga kanuni. Kisha fuatilia Federal Register, gazeti la serikali linalotoka kila siku ya kazi. Kanuni inayopendekezwa huchapishwa humo pamoja na namba ya faili, mahali pa kutuma maoni na siku ya mwisho. Mara nyingi ni siku 30 hadi 60. Si lazima uwe Mmarekani. Wizara nyingi hupokea kupitia regulations.gov, SEC hutumia tovuti yake. Angalia saa: saa sita ya usiku Washington ni saa kumi na mbili asubuhi Bukavu, au saa moja asubuhi wakati wa baridi yao.

Barua mia zilizonakiliwa hazizidi moja yenye hoja, kwa sababu watunga kanuni hawahesabu maoni kama kura, wanapima sababu. "Mnatuua njaa" ni kweli, lakini haiwapi kitu cha kubadilisha. Andika hivi: gunia hufungwa lebo mgodini, kisha lebo nyingine kwa negosia (mnunuzi wa kati), mkidai karatasi ya tatu, nani huku ataitoa, na kwa gharama ya nani? Taja kifungu unachokipinga na maneno unayotaka yawekwe badala yake.

Na tafadhali sana: maoni huwekwa wazi kwa dunia nzima. Usiandike jina la mchimbaji, namba ya simu, wala nani analinda shimo gani. Watu wanaweza kudhuriwa.

Kanuni ya mwisho ikitoka, soma utangulizi wake. Hoja nzito lazima zijibiwe humo. Yako ikirukwa, tunza nakala na namba ya faili: kesi ikifunguliwa, mahakama huamua kwa kuangalia faili hilohilo. Mwaka 2014 mahakama ya rufaa ya Washington ilifuta sehemu ya kanuni hii ya madini.