Jinsi ya kupanga kitabu cha Kiswahili kwa fonti ya Garamond

Anayetaka kupanga riwaya au diwani kwa Garamond hana budi kwanza kuamua ni Garamond ipi. Claude Garamond alikuwa mchonga herufi wa Paris aliyefariki mwaka 1561, na herufi zake zilifuata mfano wa zile ambazo Francesco Griffo alimchongea mchapaji Aldus Manutius huko Venice mwishoni mwa karne ya 15. Hata hivyo, fonti kadhaa zinazobeba jina lake hazikutokana na kazi ya mkono wake. Mwaka 1926 Beatrice Warde, mtafiti wa historia ya uchapaji, akitumia jina la kalamu la Paul Beaujon, alionyesha kuwa herufi zilizohifadhiwa Paris na kudhaniwa kuwa za Garamond zilichongwa na mchapaji Mfaransa Jean Jannon katika karne ya 17. Garamond ya Monotype, ambayo wengi wameizoea kwa sababu huja pamoja na programu za ofisi za Microsoft, imetokana na hizo za Jannon. Mistari yake ni myembamba, na katika karatasi hafifu hufifia upesi.

Kwa kazi ya kitabu ninapendekeza EB Garamond, iliyoanzishwa na Georg Duffner kwa kufuata karatasi ya sampuli iliyochapwa Frankfurt mwaka 1592. Fonti hii hupatikana bure, na leseni yake inaruhusu kuitumia hata katika kitabu cha kuuzwa.

Pili ni ukubwa. Herufi ndogo za Garamond, yaani a, e, n na wenzake, ni fupi zikilinganishwa na za Times New Roman, kwa hiyo pointi 11 za Garamond huonekana ndogo kuliko pointi 11 za Times. Kwa kitabu cha A5, anza na pointi 11.5, weka pointi 14.5 kutoka mstari hadi mstari, na uache upana wa maandishi uwe milimita 110 hivi. Ukipata herufi 60 hadi 70 katika mstari, nafasi zikiwamo, umefika mahali pazuri. Usihesabu maneno, kwa kuwa neno moja la Kiswahili kama “hawakutambulishwa” hubeba mzigo wa sentensi nzima.

Urefu huo wa maneno ndio unaoleta taabu kubwa zaidi pale unaponyoosha kingo zote mbili za aya. Programu nyingi hukata maneno kwa kanuni za Kiingereza, na matokeo yake ni “wanaf-unzi” au “nyum-ba”. Badilisha lugha ya maandishi iwe Kiswahili. Ikiwa programu haina kanuni zake, zima ukataji wa maneno kabisa, kisha weka mwenyewe vistari vya hiari (soft hyphen), vile vinavyoonekana neno likikatwa tu, pale tu ambapo mstari umeachwa na mapengo. Kata baada ya irabu: wanafu-nzi, nyu-mba, kita-nda. Usiitenganishe ng’ na irabu inayoifuata, wala usiiache m ya “mtoto” peke yake mwishoni mwa mstari.

Ritifaa, yaani alama iliyomo katika ng’, nayo inastahili ukaguzi wake. Maandishi yaliyotoka kwenye simu mara nyingi huwa na alama iliyonyooka kama msumari, ambayo katikati ya herufi za Garamond huonekana kama kitu kilichodondoka kutoka kwingine. Tafuta zote na uzibadilishe ziwe alama iliyopinda. Katika mashairi kuwa mwangalifu zaidi. Mshairi akidondosha silabi ya mwanzo na kuandika ’mefika, programu hudhani anafungua nukuu na kuigeuza alama hiyo upande.

Kisha tazama neno “rafiki” kwa karibu. Kichwa cha f katika Garamond kimeinama mbele, na bila umbo la pamoja la fi (ligature), yaani f na i zilizounganishwa kuwa alama moja, kinaweza kugongana na nukta ya i. Kiswahili kimejaa fika, fikiri na safi, kwa hiyo kasoro hiyo itajirudia karibu kila ukurasa. Hakikisha maumbo ya pamoja yamewashwa. Vifupisho kama BAKITA navyo hupiga kelele ndani ya aya vikiwa na kimo kamili. Tumia herufi kubwa zenye kimo cha herufi ndogo ambazo zimo ndani ya fonti yenyewe, si zile ambazo programu huzitengeneza kwa kupunguza ukubwa, maana hizo hukonda. Miaka ndani ya aya hupendeza kwa tarakimu za mtindo wa kale, zile zinazopanda na kushuka. Katika majedwali tumia zenye kimo kimoja.

Kwa vichwa vya sura, ukubwa wa pointi 16 au herufi za mlazo (italiki) hutosha. Herufi nzito hazikuwamo katika kazi ya Garamond, na binafsi sioni zinaongeza nini katika riwaya.

Usiamue lolote kwa kutazama kioo cha kompyuta. Chapa kurasa mbili zinazotazamana, kwa ukubwa halisi, kwenye karatasi ileile itakayotumiwa na mpiga chapa, na uzisome katika mwanga wa kawaida wa chumbani. Maandishi yakionekana kijivu, ongeza nusu pointi au chagua uzito wa kati kabla ya kugusa kitu kingine. Ukiridhika, toa faili ya PDF yenye fonti zilizopachikwa ndani, kwani mashine isiyo na EB Garamond itaweka fonti nyingine badala yake, na kila mstari ulioupanga utahama.