Somo: Namna ya kupanga utafiti wa kuzeeka kwa afya kwa kutumia jeni za panya

Katika kikundi chetu cha wanabiolojia wa Arusha na Moshi, swali moja hurudi kila muhula: "Nikiondoa jeni fulani na panya akaishi muda mrefu, si nimeshapata jeni ya uzee?" Nimelijibu kwa simu, Tengeru na Moshi, na sasa naliandika mahali pamoja ili atakayeuliza tena nimwelekeze hapa. Panya ninaowazungumzia ni wale wadogo wa maabara.

Hatua ya 1. Andika swali lako kwa sentensi moja, ukitenganisha urefu wa maisha na afya ya uzeeni.

Hatua ya 2. Pata kibali cha kamati ya maadili kabla ya kuagiza hata panya mmoja.

Hatua ya 3. Chagua ukoo wa panya. C57BL/6J ndio unaotumika zaidi, na kwa kuwa umezalishwa kaka kwa dada kwa vizazi vingi, panya wake hufanana kwa jeni kama mapacha wa kufanana. Kufanana huko hurahisisha kupima athari ya jeni moja, lakini matokeo yanabaki kuwa ya ukoo huo. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2010, panya wa koo 41 walipunguziwa chakula kwa asilimia 40, na koo ambazo maisha yalifupika zilikuwa nyingi kuliko zile ambazo yalirefuka. Anayetaka jibu pana zaidi atumie panya mchanganyiko kama UM-HET3, ambao babu na bibi zao wanatoka katika koo nne tofauti. Vilevile ujue maradhi ya ukoo wako: C57BL/6J hupoteza usikivu anapozeeka, C3H/HeJ hupofuka angali mdogo, na DBA/2J hupata presha ya macho. Ukimpima kumbukumbu panya wa C3H/HeJ kwa alama za kuona, unachopima ni upofu.

Hatua ya 4. Panga kundi la ulinganisho. Hapa ndipo kazi nyingi huharibika, na huharibika kimyakimya, kwa kuwa kosa linaonekana panya wakishazeeka na fedha zikiwa zimekwisha. Panya aliyeondolewa jeni alinganishwe na ndugu zake wa tumbo moja walio na jeni hiyo kamili, waliozaliwa siku ileile na kunyonya kwa mama yuleyule. Ukioanisha wazazi wenye nakala moja nzima na moja iliyoharibiwa, kwa wastani robo ya watoto wataikosa jeni kabisa, robo watakuwa nayo kamili, na nusu watafanana na wazazi, kwa hiyo kundi la ulinganisho linazaliwa humohumo kizimbani. Usiagize panya wa ulinganisho kwa mfugaji wa mbali, hata kama jina la ukoo ni lilelile.

Tahadhari: C57BL/6J na C57BL/6N si kitu kimoja. Wa J amepoteza sehemu ya jeni ya Nnt, inayofanya kazi katika mitokondria (sehemu ya seli inayozalisha nishati), na wa N hubeba badiliko la jeni ya Crb1 linaloharibu retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga.

Tahadhari nyingine, kubwa zaidi: jeni nyingi ziliondolewa kwanza katika seli shina (seli za kiinitete zinazoweza kuwa seli za aina yoyote) za ukoo mwingine wa panya uitwao 129, kisha uzao ukaoanishwa na C57BL/6J kizazi baada ya kizazi. Hata baada ya vizazi 10 vya kuoanisha hivyo, kipande cha kromosomu ya 129 kinachoizunguka jeni hiyo hubaki, na ndugu aliye na jeni kamili hana kipande hicho. Kwa hiyo usitangaze ushindi kabla hujairudisha jeni hiyo na kuona kama athari inatoweka, au kabla hujaiondoa upya moja kwa moja katika C57BL/6J. Jambo hili halihusu panya peke yao: mwaka 2011 ilionyeshwa kwamba jeni ya Sir2, iliyosifiwa kurefusha maisha ya minyoo na nzi, haikuwa na athari hiyo mara jeni nyingine za wanyama hao ziliposawazishwa kati ya makundi.

Hatua ya 5. Weka majike na madume, na uwachambue mbalimbali. Dawa ya rapamaisini, iliyotolewa kwa UM-HET3 kuanzia umri wa siku 600, ilirefusha maisha ya jinsia zote mbili katika matokeo ya mwaka 2009, lakini akabosi, dawa ya kisukari, iliwafaa zaidi madume.

Hatua ya 6. Pima afya, si vifo tu. Kipimo cha udhaifu kina vipengele 31, kila kimoja kikipewa 0, nusu au 1. Mpimaji anamshika panya mkononi na kutazama manyoya yaliyopukutika, masharubu yaliyokatika, mgongo uliopinda, mtoto wa jicho na mtetemeko, kisha anaangalia anavyopumua. Asijue panya huyo ni wa kundi gani.

Hatua ya 7. Chora mkunjo wa uhai, yaani mchoro wa sehemu ya panya walio hai kadiri umri unavyosonga. Panya aliyeondolewa kwa sababu isiyohusu utafiti asifutwe wala asihesabiwe kuwa amekufa. Ahesabiwe hadi siku aliyoondolewa.

MASWALI YA WANACHAMA

Kibo_22: Samahani mwalimu, sijasoma yote. Naweza kununua panya wa ulinganisho pembeni?

Jibu: Hatua ya 4. Isome yote, kisha urudi.

Mwanafunzi wa Sakina: Binadamu si panya. Kwa nini tupoteze muda?

Jibu: Sijasema binadamu ni panya. Panya wa C57BL/6J huishi takriban miaka miwili na nusu, kwa hiyo mtafiti mmoja anaweza kuona uzee wote. Panya aliyekosa kipokezi cha homoni ya ukuaji alifariki Januari 2003, wiki moja tu kabla ya kutimiza miaka mitano. Watu wa Ecuador wenye kasoro ya kipokezi hichohicho hupata saratani na kisukari kwa nadra sana, ingawa hawajaonekana kuishi muda mrefu kuliko jamaa zao. Tofauti hiyo ndiyo inayofanya hatua ya 1 iwe muhimu.

Dada wa Machame: Shikamoo mwalimu. Je, maranda ya matandiko yanaweza kubadilisha matokeo? Tunachukua kwa mafundi seremala.

Jibu: Marahaba, mdogo wangu, umeuliza vizuri sana. Yanaweza. Harufu ya maranda ya msonobari na ya mierezi ina kemikali zinazoamsha vimeng'enya vya ini, na ini likichangamka, dawa unayoijaribu huvunjwa kwa kasi tofauti. Mbao zilizopakwa dawa ya mchwa ni mbaya zaidi. Tumia aina moja ya matandiko yasiyo na harufu, yaliyotibiwa kwa joto, kwa vizimba vyote tangu mwanzo hadi mwisho, na uandike aina hiyo katika ripoti.

Kibo_22: Nimeisoma yote, mwalimu. Wale nusu wenye nakala moja nzima niwatupe?

Jibu: Usiwatupe kabla ya kuwapima. Wakidhoofika kwa kiwango cha katikati, kati ya wasio na jeni kabisa na walio nayo kamili, utakuwa umepata dalili kwamba kiasi cha jeni kina uzito wake.

Fundi wa Vizimba: Nyongeza: Julai hapa Arusha chumba hupoa sana usiku, na panya anapohisi baridi hula zaidi. Wekeni kipimajoto kila rafu, kwa kuwa rafu ya juu na ya chini hazilingani.

Jibu: Asante, kaka. Na vizimba vihamishwe rafu kwa zamu, makundi yote kwa pamoja.